Pombe ya Kilio Ndani ya Makumbusho

Mke wangu alikuwa na mtumbwi ambao haukuwahi kuona maji ya ziwa. Lilikuwa gogo lililochongwa tumbo, refu kuliko mtu aliyelala, na kazi yake ilikuwa moja tu: kukamulia ndizi za kasikisi, ile pombe ambayo Butembo nzima huinywa, hata wanaosema hawainywi. Mama yake aliutumia kule Masereka, na mke wangu alipoolewa nami akateremka nao mjini juu ya lori la viazi. Mimi nilidhani analeta kitanda.

Miguu yake ilipoanza kuvimba na daktari kumkataza kazi nzito, aliuazimisha makumbusho ya mtaa wetu. Alimwambia mlinzi mbele yangu, "Siku nikiuhitaji, mimi au watu wangu, tunakuja kuuchukua." Mlinzi akakubali. Hakuna aliyeona ajabu, maana makumbusho yetu yalikuwa yanaendeshwa hivyo.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja cha bati, na mlinzi ni mwalimu mstaafu mwenye tai moja. Vitu vyote vilitoka majumbani mwetu, na sisi hatukuacha kuvitumia. Harusi ikifika, ngoma inatoka. Ugeni ukifika, vigoda vinatoka. Niliwahi kumwona mama mmoja akirudisha kinu cha makumbusho kikiwa bado na majani ya sombe, yaani kisamvu, ubavuni, na mlinzi akamgombeza kwa sababu moja tu: hakumletea sombe.

Kisha mke wangu alifariki. Presha ilimchukua asubuhi moja akiwa anachagua maharage, na tangu hapo sikuwa na maneno mengi. Sikuwa nayo hata zamani, lakini zamani yeye alisema yake na yangu. Nywele sikukata, kama inavyotakiwa kwa mtu aliye kwenye kilio. Zilikua mpaka watoto wa jirani wakaanza kuniita nabii.

Mwaka ulipokaribia kutimia, shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, alikuja kupanga siku ya kuondoa kilio. Huyu ni mfanyabiashara wa maharage sokoni, na anaongea na kila mtu kana kwamba yuko upande wa pili wa barabara.

"Shemeji," akasema, "pombe ya kilio ya dada yangu itatoka mu mutumbwi yake. Si ingine. Ile mutumbwi ya jirani iko na harufu ya mbuzi. Dada yangu atatuangalia aseme nini?"

Nilikubali, na si kwa sababu ya kelele yake. Mimi mwenyewe nilitaka jambo hilo kuliko kitu chochote mwaka ule. Nilikuwa nimeona vitu vyake vikigawanywa kimoja kimoja, vitenge, sufuria, viatu, na nilikuwa nimenyamaza. Huu mtumbwi nilitaka ufanye kazi yake mara moja zaidi, kwa ajili yake.

Basi siku ikapangwa kuwa Jumamosi. Ndizi tuliagiza Beni, maana kwetu ni baridi na ndizi zinaiva kwa kinyongo. Msafirishaji alikuwa Mwislamu wa Beni, rafiki wa familia, mwenye lori la Fuso. Hanywi, hajawahi kunywa, na amebeba ndizi za kasikisi maisha yake yote. "Mimi ninabeba matunda," husema. "Yakisha kushuka ku lori yakabadilisha tabia, hiyo si mambo yangu na Mungu."

Siku mbili tatu kabla, nilikwenda kuuchukua mtumbwi. Nilimkuta mlinzi barabarani anakimbia na mkuki mkononi, tai imegeukia mgongoni. Watu walikuwa wanampisha.

"Papa, saidia!" akaniambia. "Madame wa Kinshasa amefika! Inspection! Bintu yote iko kwa batu!"

Ofisi ya Kinshasa inayosimamia makumbusho ya nchi ilikuwa imemtuma mkaguzi aone vitu gani vipo, vinatunzwaje, na vipi vinastahili kulindwa na taifa. Na vitu vya mlinzi vilikuwa vimetawanyika mtaani. Ngoma ilikuwa kwa wanakwaya Waprotestanti, waliokuwa katikati ya mazoezi na hawakutaka kuiachia kabla ya ubeti wa mwisho. Kinu kilikuwa kwenye mgahawa. Kigoda alichokiita cha chifu kilikuwa kimekaliwa na kinyozi. Nilimsaidia kubeba. Mtumbwi peke yake ndio ulikuwa mahali pake, kwa kuwa ni mzito.

"Acha kwanza mutumbwi," mlinzi akanisihi. "Bila hiyo chumba itabaki kama kanisa ya Jumatatu. Madame akipita, utabeba."

Nikaacha. Sikuona ubaya.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyopenda matope yetu. Kiswahili chake alikipata Lubumbashi alikosomea, na Kilingala kilimtoka kila aliposhangaa. Alivaa glavu nyeupe za pamba, akatugawia na sisi, akasema kitu cha urithi hakishikwi kwa mkono mtupu. Mlinzi, ambaye saa moja kabla alikuwa amekitoa kinu jikoni mwa mgahawa, alivaa glavu zake kama bwana harusi.

Kisha akaanza kueleza, na hapo ndipo alipotuponza, maskini. Aliamini kwamba Kinshasa haiwezi kupenda kitu kisicho cha mfalme.

"Kigoda hiki," akasema kwa Kiswahili cha darasani, "kilikaliwa na machifu wa kale."

Mkaguzi alikigeuza. Chini yake pameandikwa kwa rangi nyeupe jina la shule ya msingi. Akaandika alama ya kuuliza.

"Mkuki huu ulishiriki vita vya mababu."

Mkaguzi aliupitisha kidole. Ulikuwa chuma cha kujengea nyumba, kimefuliwa ncha. Alama ya kuuliza.

Ngoma nayo, mlinzi alisema, haikupigwa tangu mababu walale. Ilikuwa bado na joto. Alama ya kuuliza, na "Mama na ngai!" moja, kwa sauti ndogo.

Tukafika kwenye mtumbwi. Mlinzi alivuta pumzi. "Na huu, Madame, ni mtumbwi wa kifalme, ambao..."

Mkaguzi alikuwa ananitazama mimi. Nafikiri ni kwa sababu nilikuwa nimeuwekea mkono, na mkono haukuwa na glavu.

"Papa, wewe unaujua?"

Mlinzi alinikanyaga mguu. Lakini mimi sikufundishwa kusema uongo juu ya vitu vya mke wangu, na hata ningetaka nisingejua nianzie wapi.

"Si ya mufalme, Madame," nikasema. "Iko ya bibi yangu, ule nilioa. Baba mukwe alichonga, kule Masereka, mu muti wa shamba yao. Huku mwisho kuna bati ya kopo ya nyanya, njo mimi niliziba, na niliziba mubaya. Hapa pembeni palilainika sababu mama yake alikuwa anashikilia akikanyaga, kisha bibi yangu akashikilia hapo hapo. Anakamua kasikisi. Hakuna ingine kazi."

Nilitegemea alama ya kuuliza, na niliitamani, maana nilikuwa nimekwisha kuahidiwa watu wa kunisaidia kubeba. Mkaguzi aliweka kalamu chini. Alisema amezunguka majimbo mengi akionyeshwa vitu vya wafalme, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumwambia nani alichonga, nani alitumia, na nani aliharibu. Alisema kitu chenye historia inayojulikana ndicho kinachotafutwa. Akatoa mkebe wa rangi, akaandika namba ubavuni mwa mtumbwi, akapiga picha.

"Kuanzia leo uko chini ya ulinzi wa taifa," akasema akitabasamu. "Hautoki humu bila ruhusa ya Kinshasa."

Mlinzi alinitazama. Ningesema uongo kidogo tu, ningekwenda nao nyumbani.

Shemeji alipopata habari, walimsikia mpaka sokoni.

"Wewe! Unaulizwa swali moja, unajibu kama uko mu confession! Ungesema tu haujui!"

"Lakini ninajua."

"Anajua! Mwaka mzima hauongee, mutu akikuuliza kitu unajibu 'mm'. Siku ya kunyamaza njo unapata kinywa!"

Aliamua kwamba atauchukua mtumbwi yeye na wanawake wenzake, mchana kweupe, na serikali ije imtafute sokoni. Mlinzi, ambaye kazi yake ingekwisha siku hiyo hiyo, alikuja na shauri lingine: nimwambie mkaguzi kwamba kuna maonyesho ya utamaduni kwa ajili ya wanafunzi. "Démonstration," akasema. "Hiyo neno inafungua mulango yote." Msafirishaji naye alipiga simu kutoka njiani. Barabara iliyokuwa imefungwa kwa matope ilikuwa imefunguliwa, lori lilikuwa linakuja na ndizi zilikuwa zimeiva mpaka zinaongea. "Ndugu," akasema, "hizi ndizi hazitangoja Kinshasa. Na nzi zote za Beni ziko nyuma yangu kama escorte."

Nilivaa koti nikaenda kwenye nyumba ya wageni alikolala mkaguzi. Alikuwa ukumbini anakunywa chai, viatu vimeanikwa. Sikusema démonstration. Nilisema hivi: mke wangu amekufa, Jumamosi ninaondoa kilio chake, na ninaomba kutengeneza pombe katika mtumbwi ulioandikwa namba.

Hakucheka. Alifungua mkoba, akasoma kanuni zake, akirudi nyuma na kwenda mbele. Mwishowe akainua uso.

"Papa, hapa imeandikwa kitu hakiwezi kutoka. Siwezi kubadilisha." Akasoma tena. "Lakini hakuna mahali wameandika kama ndizi haziwezi kuingia."

Hivyo ndivyo pombe ya kilio cha mke wangu ilivyotengenezwa makumbushoni, chini ya bango linalokataza vyakula na vinywaji.

Ndizi ziliingia mkungu kwa mkungu. Mkaguzi alisimama mlangoni na sanduku la glavu. Wanawake walivaa, wakachekana, wakamenya ndizi na glavu za pamba mpaka zikawa rangi ya udongo. Ilipofika wakati wa kukanyaga, kazi ikasimama. Mkaguzi alitazama miguu ya shemeji. Shemeji alimtazama yeye.

"Mama," mkaguzi akaanza taratibu, "kitu cha urithi hakiguswi..."

"Madame, hakuna glavu ya miguu."

"Soksi?"

Shemeji akashika kiuno.

"Soksi!" shemeji akasema. "Batu bakunywe soksi? Pa kilio ya dada yangu?"

Tulielewana juu ya sabuni. Shemeji alioshwa miguu mpaka magotini kwa maji matatu, na mkaguzi mwenyewe, mtu wa Kinshasa, aliinama kuikagua kidole kwa kidole huku shemeji akitazama dari kama malkia. Kisha akapanda mtumbwini, akashika pale palipolainika, akaanza kukanyaga na kuimba. Mkaguzi alisimama karibu na daftari lake. Ubeti wa pili alikuwa anapiga makofi. Ubeti wa nne daftari lilikuwa kwenye kigoda cha shule na yeye alikuwa mtumbwini, suruali imekunjwa, akiteleza na kusema "Mama na ngai!" kwa sauti kubwa kabisa. Miguu yake alikuwa ameiosha bila kukaguliwa na mtu.

Maji ya ndizi yalichanganywa na unga wa mtama, yakafunikwa kwa majani ya mgomba, na mlango ukafungwa. Ijumaa nyuki walifika. Waliingia kupitia mianya ya bati, wakakaa juu ya mkuki, juu ya ngoma, juu ya tai ya mlinzi. Mtaa mzima ulifuata harufu. Mlinzi aliniambia hajawahi kupata wageni wengi hivyo tangu afungue, na wote waliuliza swali moja: itaiva saa ngapi.

Jumamosi tulikusanyika uani. Pombe ilitolewa kwa bidoni, yale madumu ya plastiki. Shemeji aliuliza kwa dhihaka kama nayo inahitaji ruhusa ya Kinshasa, na mkaguzi akajibu kwamba pombe haina namba, ipite. Kinyozi alininyoa mbele ya watu wote, nikasikia baridi ya Butembo kichwani kwa mara ya kwanza baada ya mwaka. Msafirishaji alikaa na fanta yake karibu na wazee. Kisha wakanipa kibuyu. Desturi ni kwamba mfiwa anaonja wa kwanza, anasema pombe ni nzuri, kilio kimekwisha, na watu wanakunywa.

Nilionja. Ilikuwa kali upande mmoja na maji upande mwingine. Sakafu ya saruji ya chumba kile ni baridi, haikuipa joto la kutosha. Watu walikuwa wananingoja, vikombe mikononi.

"Sema," shemeji akanong'ona, kwa sauti ya kusikika kwa jirani. "Sema iko kama yake."

"Hapana," nikasema. "Yake ilikuwa muzuri kuliko hii."

Vikombe vikashuka. Nilijua nimeharibu tena, lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. Nilisema yake ilikuwa tamu mbele na kali nyuma. Nilisema alikuwa anailaza karibu na jiko na kuifunika kwa blanketi letu la kitandani, na sisi tunalala na baridi. Nilisema niliwahi kulalamika na akanijibu kwamba pombe inalipa ada ya shule, mimi ninakoroma tu. Ndiyo maneno mengi niliyowahi kusema mbele ya watu katika maisha yangu. Mtu mmoja alianza kucheka, mwingine akasema yeye pia anaikumbuka ile pombe, iliwahi kumlaza mferejini na koti jipya. Shemeji alikuwa anacheka na kufuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Shemeji," akasema, "basi itakuwa hivi. Banamama bote ba Butembo batatengeneza kasikisi mubaya mpaka ufe. Sasa utafanya nini?"

Nilifikiri kwanza, maana lilikuwa swali la kweli.

"Nitakunywa tu," nikasema, nikamnyooshea kibuyu.