Nywila Iliyoning'inia Msumarini

Enzi zetu, barua pepe ilipofika Sumbawanga, haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa ya mtaa mzima. Ninyi mliokulia kwenye baridi ile, mkienda shule na sweta la kaka limewafika magotini, mtanielewa.

Baba alikuwa mwalimu, na kompyuta ya kwanza tuliiona ofisini kwao mjini. Fundi kutoka Mbeya akafungua anwani, akaandika jina la seva, akampa Baba nywila. Akamweleza kwamba barua zinakaa kwenye seva Dar es Salaam, hapa tunazisoma tu. Ukifuta hapa, na kule zimefutika.

"Kumbe ni sanduku la posta," Baba akasema.

Basi akafanya kama alivyofanya siku zote na ufunguo wa sanduku letu: akaandika nywila kwenye kibao, akakitundika msumarini mlangoni kwetu, ili yeyote anayekwenda mjini awachungulilie na wenzake. Fundi angejua angelia.

Mwaka huo dada Tekla aliomba chuo cha uuguzi. Jibu lingekuja kwa barua pepe, naye athibitishe kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo nafasi apewe mwingine. Alikuwa akichungulia kila siku, nywila ameshaikariri, ila Jumatano mahindi yakamshika shambani. Alhamisi akakuta sanduku jeupe, hata barua za zamani hazimo. Alirudi akakaa jikoni, ugali wa ulezi ukapoa mbele yake. Sisi wadogo tukaacha mchezo wa rede uani tukaja kumtazama akilia. Niliogopa kweli, maana Tekla hakuwa mtu wa kulia.

Baba akatazama msumarini. Kibao hakipo.

Jioni akaingia jirani yetu Mzee Kasiano, tarishi mstaafu, kibao mkononi, daftari kwapani. Baba alimwamkia shikamoo kwa sauti ya mtu aliyekunja ngumi mfukoni.

"Marahaba, mwalimu. Sanduku lilikuwa limefurika, nimelisafisha. Barua haiachwi sandukuni."

Jumatano nzima alikuwa akinakili barua kwa kalamu, moja baada ya nyingine, na kila aliyoimaliza akaifuta. Kisha akazigawa nyumba kwa nyumba, akianzia za mbali. Tangazo la dawa ya kupunguza unene alimpelekea mama mmoja mnene wa mtaa wa pili, wakanuniana hadi Pasaka. Sisi wa jirani tukawa wa mwisho. Ya Tekla ilikuwa ukurasa wa tisa: amekubaliwa. Ijumaa asubuhi akathibitisha, na ukurasa ule anao mpaka leo.

Siku hizi binti yangu ana anwani tatu, na nywila zake hata mimi mama yake sizijui. Juzi barua ya kuitwa kwenye usaili imekaa kwenye seva siku kumi na moja bila kufunguliwa, usaili ukapita yeye akichezea simu. Nilimcheka, kisha nikaumia. Mzee Kasiano angeileta, hata kwa mvua.

Tukienda nyumbani, msumari bado uko mlangoni. Binti yangu hutundika hapo chaja, na hajawahi kuuliza ulikuwa wa nini.