Dawa ya Petroli

Hata leo, nikisikia harufu ya petroli ndani ya gari, mkono wangu hushusha kioo kabla sijafikiri.

Nilikuwa na miaka tisa. Gari letu la zamani lilikuwa likigonga kila likipanda mlima, ngo-ngo-ngo, na baba, karani wa serikali aliyejiona nusu fundi, akanunua dawa ya petroli katika maduka ya River Road. Muuzaji alimwambia kifuniko kimoja kinatosha tangi zima. Baba akamimina chupa yote. Kwa siku chache injini ikaacha kugonga, naye akatembea kifua mbele.

Jumamosi asubuhi mdogo wangu Mwende, wa miaka minne, alibanwa na pumu. Tukatoka mbio kuelekea hospitali, Upper Hill. Tulipokaribia Adams Arcade gari likaanza kukohoa na kurukaruka, na moshi mweusi unaonuka petroli mbichi ukaingia ndani. Kifua cha Mwende kilikuwa kikipiga filimbi. Midomo yake ikabadilika rangi.

“Baba Mutheu, zima gari!” mama akasema. Mutheu ni mimi.

“Nikizima halitawaka tena.”

“Huu moshi unammaliza mtoto. Zima!”

Baba akazidi kukanyaga mafuta, macho yameganda mbele. Mama akafungua mlango gari likitembea. Ndipo baba aliposimama.

Mzee mmoja wa Kisikh aliyekuwa nyuma yetu alishuka garini mwake mbio, kilemba kimeenda upande. “Mama, lete mtoto kwangu, haraka!” Mama na Mwende wakaondoka naye kwa gari lake.

Baba alifungua boneti, akafungua plagi moja kwa spana, akaishika kwa kitambaa. Ilikuwa nyekundu kama tofali. Ukubwani nilijifunza kwamba dawa ile ilikuwa na madini ya chuma, yakazifunika plagi, cheche zikapotea, na petroli ikatokea kwenye bomba la moshi bila kuungua. Siku hiyo nilimwona tu akiigeuzageuza ile plagi.

“Ni mimi,” alisema, wala hakuwa akiniambia mimi.

Simu ya baba ilipolia, nilisikia sauti ya mama: “Amewekewa mashine. Anapumua.” Baba akaketi ukingoni mwa barabara, akalia mbele ya watu.

Miaka mingi niliamini alikataa kusimama kwa kulipenda gari lake. Kisha nikapata mtoto wangu, naye akaugua, nikaelewa. Akiendelea kuendesha, alikuwa bado anafanya jambo. Angesimama, ingembidi ageuke nyuma amtazame Mwende.