Hesabu za Ziada

Enzi zetu sisi wa Rudewa, usingizi wa asubuhi ulikuwa na harufu. Ilikuwa harufu ya mkonge uliosindikwa, chachu kidogo, ikipenya katikati ya fito za nyumba na kutukuta tumelala watatu kwenye mkeka mmoja. Kwa mbali treni ya Kilosa ilipiga honi, nami nikiwa nusu usingizini nilidhani inaniita kwa jina. Hata leo nikinusa kamba mpya dukani nasimama nimeduwaa, muuzaji anadhani nimesahau nilichokuja kununua.

Tulicheza rede mpaka mpira wa soksi ukafumuka matumbo. Tulitafuna miwa aliyotuletea mjomba kutoka Ruaha, midomo ikachanika na bado tukagombea vifundo. Jioni tuliketi kuzunguka sinia moja, na hapo ndipo sauti ya baba ilipotawala. Baba alikuja ujanani akitokea Kigoma, akakata mkonge, akaoa, akabaki. Kijiji kilipokuwa cha ujamaa akachaguliwa balozi wa nyumba kumi, na ujamaa wenyewe aliushika kama mtu anavyoshika dini. Ukinyoosha mkono mara ya pili kwenye mboga, alisema bila kuinua macho, "Wabakizie wenzako." Alilisema neno hilo kwenye nyama, kwenye maji ya kuoga, hata kwenye kivuli cha mchana.

Siku moja muuzaji wa duka la kijiji alinifungia vipande viwili vya sabuni badala ya kimoja. Nilifika nyumbani nachekelea. Baba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Hicho cha pili ni cha mtu. Karudishe." Nikarudi mbio, jua la saa saba likinichoma nyayo, aibu imenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, nilisafiri juu ya magunia, ndani ya lori lililotoka Kilosa hadi Mikumi, kisha jingine likanipokea barabara kuu. Nyati walisimama ndani ya ukungu wakatutazama kama wazee wa baraza. Mahali fulani tuliwakuta watu wanajenga daraja, na mmoja wao alikuwa anachungulia ndani ya chombo chenye miguu mitatu. Nikamuuliza utingo yule ni nani. "Injinia huyo," akanijibu. Kule kwetu palikuwa na korongo lililotukatia njia ya shule kila masika, na tulilivuka kwa gogo moja lenye utelezi. Lori likaondoka, mimi nikabaki pale kwa mawazo, na sidhani kama niliwahi kuondoka.

Mwisho wa kidato cha pili tukapewa fomu za kuchagua masomo. Mwalimu wetu wa hesabu, mama mfupi wa Kiluguru asiyejua kupepesa maneno, aliniita pembeni. "Binti, chuo cha ufundi kinachukua wachache mno. Somo hili la mwisho usipolichukua, jina lako hawatalisoma. Mzazi atie saini, uilete siku ya kufungua shule."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Baba alikuwa amejifunza kusoma kwenye darasa la watu wazima na alijivunia hilo, lakini kwa Kiswahili. Basi nikamtafsiria mstari kwa mstari, yeye kalamu mkononi, miwani ya kuazima puani. Nilipofika lile la mwisho nikalitamka kwa maringo: "Hesabu za ziada."

Kalamu ikasimama.

"Za ziada?"

"Ndiyo, baba."

"Na wenzako wote wamepewa?"

"Hapana, baba. Wachache tu."

Akaikunja fomu taratibu. "Zile za kawaida zinakutosha. Hizo za ziada karudishe."

Nilieleza, nikalia, nikaeleza tena. Chuo, daraja, injinia. Kila nilipolitaja neno lile niliizidishia hoja yake nguvu. Likizo nzima nilipalilia mahindi ya kijiji nikiwa siyaoni. Nilimchukia baba, nasema kweli, na nililichukia zaidi jembe la ulimi wangu lililokwenda kuchimbua neno lile.

Ikabaki siku moja nirudi shule. Tulikuwa tunakula, mama akasema kama anayezungumzia chumvi, "Baba Mwanaidi, ziada ya shamba la kijiji huwa mnaipeleka wapi?"

"Ghalani."

"Ghala la nani?"

"La wote. Kwani hujui?"

"Basi mtoto naye ghala. Mwacheni ajazwe."

Baba alitafuna tonge lile muda mrefu sana. Kisha akanawa, akaomba fomu, akaandika kwa herufi zake kubwa za darasa la watu wazima: NAKUBALI. AWABAKIZIE WENZAKE. Mwalimu alipoyasoma alicheka, kisha akavua miwani akaipangusa, na hakucheka tena.

Nilichaguliwa. Nimejenga madaraja mikoa ambayo baba hakuwahi kuiota. Nyumbani nilikuja misibani na sikukuu, nikiwa na haraka. Siku hizi mjukuu wangu anachagua tahasusi kwa kidole gumba, amelala chali, masikio kayaziba kwa muziki. "Bibi, nimeshabofya!" Hajamuuliza mtu, hajalia, hajapalilia hata shina moja. Namtania kwamba sisi fomu moja ilimaliza likizo. Anacheka, nami namwonea wivu kidogo, kisha namhurumia kidogo.

Mwaka jana, tayari nimestaafu, nilipita Rudewa kwa gari nikitokea Mvumi. Harufu ya mkonge haipo. Pale korongoni gogo limebadilishwa, lakini bado ni gogo. Wasichana watatu wa sekondari walikuwa wanavuka, viatu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Hesabu za ziada mnasoma?"

Wakatazamana. "Hapana, bibi. Hiyo haina mwalimu huku."

Aibu ikapanda ikanikaa kooni, ileile, mahali palepale, kana kwamba nimeshika vipande viwili vya sabuni. Nikamwambia dereva azime gari. Nikavua viatu, nikawauliza shule yao iko upande gani.