Gobnet na Mbolezi ya Aliye Hai

Katika jimbo zima la Kerry hakuna aliyelia maiti kama Gobnet Lyne, na atakayebisha alete wake tumsikie. Akianza mbolezi, hata hasimu wa marehemu alitafuta leso. Parokia tatu zilimfuata nyumbani kwake, zikamlipa kwa tumbaku na kikombe cha pombe kali, naye kikombe hakukikataa. Usimcheke, wewe ukilia bure nani atakuita tena?

Kisha viazi vikaoza. Mwaka wa kwanza watu walivitupa vilivyooza. Mwaka wa pili wakavila. Ungedhani mliaji angeneemeka. Thubutu! Watu walizikwa bila sanduku, na wa kuwalilia hakuwa na pumzi. Kati ya Krismasi na Pasaka Gobnet alimzika mumewe na wanawe wawili, wala hakufungua kinywa. Uji wa msaada, kikombe kimoja kwa siku, haukutosha kulia na kutembea. Akachagua kutembea.

Akabaki na Una, binti wa miaka kumi na saba.

Mwenye ardhi alitaka mashamba yake alishie kondoo. Akatangaza: kaya itakayobomoa paa lake yenyewe na kuhama itapewa nafasi moja kwenye meli ya Quebec, kule Amerika, ila si kaya yenye homa. Gobnet alipanda juu akang'oa nyasi kwa mikono yake. Nafasi akampa Una.

Jumatatu asubuhi, gari la farasi likisubiriwa, Gobnet akafungua nywele, akapiga magoti kwenye matope.

"Mama, usinililie," Una akasema. "Niage tu kama naenda sokoni."

"Soko gani lisilo na kurudi? Aendaye Amerika huliliwa kama maiti, ndivyo tulivyo. Baba yako sikumlilia. Kaka zako sikuwalilia. Wewe nitakulilia, mwanangu, hata kama roho itatoka."

Akaanza. Sauti aliyoibana majira yote ya baridi ikatoka kwa mkupuo: akazitaja nywele za Una, mikono yake, watoto atakaowazaa bila bibi. Majirani waliosimama ukutani wakaitikia. Ilikuwa mbolezi yake bora kuliko zote, na ndiyo iliyotaka kumponza.

Gari likasimama mbali. Bwana Harcombe, msimamizi wa mwenye ardhi, mgeni aliyetoka ng'ambo mwezi uliopita, alikuwa ameziba pua kwa kitambaa. Akanong'ona na Thady, mwendesha gari, mtu wa hapa hapa.

"Anauliza nani kafa!" Thady akapaza sauti.

"Hajafa mtu! Binti anasafiri!"

"Nimemwambia, Gobnet. Anasema kwao mzima haliliwi. Anasema hapa pana homa. Analifuta jina."

Una akakimbia mbele, akatoa ulimi, akaonyesha mikono. Bwana Harcombe akamzuia kwa fimbo asisogee.

"Basi cheza, mama wee!" Thady akafoka kwa lugha yetu, huku uso wake ukitabasamu kwa ajili ya bwana. "Cheza ngoma aone! Nyumba ya homa haichezi."

"Nimezika watatu, Thady."

"Na huyu utamzika wiki ijayo, ukiendelea kupiga magoti hapo."

Gobnet akasimama. Miguu ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyekaa majini, naye amekonda akabaki mifupa. Thady akapiga mluzi wa ngoma ya harusi. Gobnet akacheza peku, kwenye nyasi za paa lake mwenyewe.

"Cheka, mjinga wewe," akamwambia Una. "Cheka meno yaonekane!"

Una akacheka. Majirani wakapiga ishara ya msalaba. Bwana Harcombe akatazama, akacheka naye, akasema jambo.

"Anasema sisi sote vichaa," Thady akatafsiri. "Panda, binti, kabla hajapona hicho kicheko."

Hawakukumbatiana. Gobnet hakuthubutu kuacha, maana yule bwana aligeuka mara mbili kutazama. Akacheza mpaka gari likavuka daraja.

Majirani wakaondoka bila kumsemesha. Mama aliyemchezea mwanawe ngoma badala ya kumlilia! Alijaribu kuianza tena mbolezi, pumzi ikakataa. Wiki sita alilala mtaroni chini ya matawi na mabonge ya majani, na huko ndiko walikomkuta. Akazikwa kimya.

Meli iliteremsha nusu ya watu wake wakiwa wamebebwa. Una alishuka kwa miguu yake. Karani wa bandari akamuuliza kama ana ndugu yeyote aliye hai.

"Ninaye mama," akasema, na karani akaandika.