Meno Ishirini na Tisa ya Mama Vumilia

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha meno cha hospitali, hapa Bunia, nilipewa aproni, ndoo na onyo. Nilikuwa nimeacha shule ili kulea wadogo zangu wanne baada ya wazazi wetu kufariki, na kila mtu aliniita Yaya, yaani mkubwa wao.

“Weye Yaya,” akasema daktari wa meno, “kazi yako ni kuchemsha vyuma na kushika taa. Mugonjwa akikushitaki kwa Direkta, unarudia kwenu.”

Nikaishika taa ile kama sahani ya wadogo zangu.

Bunduki ziliponyamaza kidogo na barabara ya Tchomia, kule ziwani, kufunguka, alikuja Mama Vumilia, muuza samaki mwenye kisukari. Alikunywa dawa na kuacha soda, ila sukari ya damu haikushuka. Daktari wake alimshuku kwamba anakula mandazi kwa siri. Mama aliapa kwa jina la Yesu. Ndipo daktari akamtazama kinywani, akamtuma kwetu.

Fizi zilikuwa zimevimba, zikitoa damu na usaha.

“Kidonda ya fizi inaweza kupandisha sukari,” daktari wa meno akamweleza, “na sukari inaharibisha fizi. Iko kama majirani wabaya, kila mumoja anachochea mwenzake.”

Akaanza kukwangua ukoga uliogeuka jiwe chini ya fizi. Vipande vya kahawia vikaanguka kwenye sahani niliyoishika. Mama akaketi wima, akaitazama sahani mkononi mwangu.

“Huyu Yaya amevunja meno yangu!”

“Hapana, Mama,” nikasema. “Ile iko buchafu.”

“Buchafu mu kinywa yangu? Miye, mama wa kwaya?”

Akavifunga vipande katika kitambaa, akaenda moja kwa moja kwa Direkta. Nikaitwa. Njiani niliwaona akilini wadogo zangu wakila ugali bila mboga, kisha mboga bila ugali, kisha wakitazamana tu.

“Yaya, umevunja meno ngapi?” akauliza Direkta.

Hesabu sikuiacha shuleni. Nikamwomba Mama afungue kinywa, nikahesabu kwa sauti: ishirini na tisa. Fishi, kadi yake iliyojazwa asubuhi, ilisema ishirini na tisa.

Direkta akatazama kitambaa. “Basi Mama, ulizaliwa na meno makumi tano?”

“Ahesabu tena,” akasema Mama.

Nikahesabu mara tatu. Mama alirudi kumaliza upande wa pili kwa sharti moja: nihesabu kabla na baada. Dawa zake hakuziacha. Kipimo cha baada ya miezi mitatu kilionyesha sukari imeshuka, si sana, lakini ilitosha kumfanya daktari wake aombe radhi kuhusu mandazi.

Fizi haziponyi kisukari, wanangu. Ila mwenye kisukari asizisahau.

Wadogo zangu walisoma wote. Siku nilipostaafu, Mama Vumilia alileta samaki, akafungua kinywa mbele ya Direkta mpya na wageni wote.

“Yaya, hesabu.”

Ishirini na tisa.