Kamera Isiyojua Kufuta

Mume wangu Shakuru ni fundi wa magari hapa mtaani kwetu Buyenzi, na Mungu hakumnyima kitu ila kiasi. Akipenda jambo, nyumba nzima italipenda, tutake tusitake. Mwaka juzi yalikuwa mapenzi ya njiwa. Mwaka jana, kamera.

Alipewa na Mzee Méthode wa Mutanga Nord, mstaafu ambaye gari lake linalala gereji kwetu kuliko linavyolala kwake. Macho ya mzee yamechoka na watoto wake wana simu zao, basi akamletea Shakuru mfuko wa ngozi: kamera ya zamani ya filamu, nzito kama jeki, na lenzi tatu. Moja ya kawaida, moja ya kuchukua chumba kizima, na moja ndefu kama chupa ya chai. Shakuru akaupokea mfuko kwa mikono miwili kama anapokea mtoto.

Mimi nilicheka. "We, simu yako inapiga picha, hiki chuma cha nini?" Halafu nikafikiri kidogo, nikaacha kucheka.

Ni kwa sababu ya mama yangu. Tunakaa naye, na picha yake hatuna hata moja. Siyo kwamba hatukupiga, tumepiga hadi tumechoka. Lakini ukimpiga tu, ananyosha mkono: "Lete nione." Anaangalia, anakunja uso: "Futa." Na simu hakurudishii mpaka ufute mbele yake. Za harusi amefuta, za sikukuu amefuta, hata ile ambayo lilionekana sikio lake tu amefuta. Baba alipofariki tulibaki na picha ya kitambulisho. Tukaikuza, na mpaka leo ipo sebuleni, baba anatutazama kama mwizi wa kuku aliyeshikwa. Sikutaka mama naye aishie hivyo, na kila mvua zikianza mama anakohoa. Niliogopa, wala sioni haya kusema.

Sasa hii kamera haina kioo nyuma. Hakuna cha lete nione, hakuna cha futa.

"Shakuru," nikamwambia, "jifunze upesi."

Ikabaki kupata filamu. Kwa Kifaransa cha hapa mjini filamu ni pelikuli, na mba ya kichwani nayo ni pelikuli. Bwana akazunguka mji mzima akiulizia pelikuli. Duka la dawa la kwanza wakamuuzia shampuu. La pili wakamwambia avue kofia wamtazame. Alirudi amenuna, kichwa kinanukia. Mwishowe jirani yetu Amandine, anayefuata viatu Nairobi, akamletea moja. Moja tu.

Fundi wa magari hawezi kushika kitu asikifungue. Lenzi ndefu alitaka kuipuliza vumbi kwa pampu ya kujazia matairi! Nikamwambia akithubutu atalala gereji. Basi akaifunga kwenye kamera, akakuta kila kilicho karibu ni ukungu mtupu. Akarudi nyuma, akarudi tena, akatoka nje, akavuka barabara, akasimama ng'ambo kabisa. "Najizoeza tu!" anapiga kelele, kumbe kidole kiko tayari kubonyeza. Mama alikuwa kibarazani anachambua ndagala, dagaa wa ziwani. Kwa akili yake, mtu aliye ng'ambo hawezi kukuchukua picha, kwa sababu ukiwa mbali simu inakutoa kama sisimizi. Akawa anamtazama tu mkwewe akienda kinyumenyume, jicho moja limefumba, mpaka mguu ukazama mtaroni. Mama akacheka hadi ndagala zikamwagika, na hapo ndipo kidole kikaanza kubonyeza.

"Mwanasiti! Njoo uone, bwana yako anapiga vyura picha!"

Ijumaa tukampiga picha rasmi, kwa lenzi ya kawaida. Alikubali upesi mno, ningepaswa kushtuka. Akakaa kitini, mtandio umenyooka, uso umekaza kama yuko mbele ya hakimu. Kamera ikalia. Mkono ukanyoshwa.

"Lete nione."

"Haionekani, mama," akasema Shakuru.

"Basi futa."

"Haifutiki."

"Apana! Mutu gani anatengeneza kitu hakifutiki?"

Mwerevu angenyamaza hapo. Wangu akaanza somo. Picha iko ndani, mama, kwenye filamu, na filamu inakaa gizani. Ukivuta hiki kifundo juu, mlango wa nyuma unafunguka, mwanga unaingia, basi, kwisha habari yake. Nilimfinya, wapi! Kisha akaiacha kamera mezani, akaenda kuswali Alasiri, nami nikaenda jikoni.

Tuliporudi sebuleni mlango wa kamera uko wazi, mama anakunywa chai.

"Nimefuta."

Nililia. Nikamwambia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi: kwamba ni mbinafsi, kwamba akifa tutamsahau sura na lawama ni yake. Alitazama chai yake.

Shakuru akaufunga mlango, akairudisha filamu kwenye kikopo chake. Akaniambia filamu inajiviringisha. Picha za juu zimeungua, ila za ndani, zile za mwanzo, huenda mwanga haukuzifikia. Amandine akaenda nayo Nairobi, akarudi na bahasha. Picha ya kitini ilikuwa nyeupe kama maziwa. Zilizoitangulia, nyeupe vilevile. Ikabaki ya mwanzo kabisa. Ukingoni imeungua rangi ya machungwa, lakini katikati ni mama, kichwa nyuma, mdomo wazi, pengo lote nje, ndagala zinaruka. Yuko karibu utadhani utamgusa.

Mkono ukanyoshwa. Sikutaka kumpa. Nikampa.

Alivaa miwani. Akaangalia mpaka chai ikapoa.

"Huyu ni mama yangu," akasema.

Bibi yangu alifariki kabla sijazaliwa, na hakuacha picha.

"Alikuwa anacheka hivi hivi. Na hili pengo ni lake." Akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na vumbi. "Kumbe miaka yote hii, Mwanasiti, nilikuwa namufuta yeye."

Akaiingiza kifuani, akainuka kwenda chumbani kwake. Shakuru akafungua mdomo amweleze kwamba filamu tunayo, na picha nyingine kama hiyo inaweza kuchapishwa. Nikamkanyaga mguu.