Baba Mpya wa Nyumba ya Panda

Inatangazwa rasmi, kwa wote wenye masikio mjini Likasi na hata kwa wale ambao wangeyauza kwa sahani ya bukari, ugali wetu, kwamba fundi Étienne, aliyezikwa Aprili 1995, amekataa kustaafu. Amerudi kazini, safari hii akiwa mwanamke.

Mdogo wake, Godefroid, ndiye aliyemrudisha. Alifanya hivyo kwa uchoyo.

Baada ya mazishi, ukoo ulitoka Kapolowe ukakaa kikao katika nyumba ya marehemu, kambini Panda, kambi ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba. Watoto watatu walikaa ukutani. Mama yao alikuwa amesukumwa kwenye treni ya Kasai miaka miwili nyuma, pamoja na maelfu ya watu wa kwao waliofukuzwa mkoani, na barua ilikuwa haijafika. Katika ukoo ule marehemu haachi kiti kitupu. Anachaguliwa mtu, anaketishwa hapo, anavikwa kitu cha marehemu, na tangu saa hiyo jina, watoto na heshima ni vyake. Zamani, kampuni ilipogawa unga kwa hesabu ya watoto, wanaume wangekipigania kiti kile. Sasa wote walitazama dari.

"Mupatie Clotilde," Godefroid alisema. "Shangazi naye ni baba. Baba mwanamuke."

Watu walicheka. Clotilde, dada yao kitinda mimba, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, hakucheka. Mkanda wa marehemu ulishauzwa, basi Godefroid mwenyewe akachukua helmeti ya kiwandani akamvika. Moyoni alijisemea: yeye alishe watoto, mimi nitakuja kuchukua mabati ya paa.

Wiki iliyofuata kambi ikaanza kunong'ona. King'ora cha kiwanda kilikuwa kimenyamaza miezi mingi, lakini saa ile ile kilipokuwa kikilia, mlango ulifunguka, mabuti yakashuka barabara ya Shituru, ya kwenda kiwandani, na kikohozi kikavu cha Étienne kikafuata nyuma yake. Mbwa hawakubweka. Ukiwauliza watoto, walijibu bila tabasamu: "Papa ameenda kazi." Kuku akichinjwa, firigisi, fungu la baba, iliwekwa kwenye sahani ya Clotilde, na Merdi, binti mkubwa, alimnawisha mikono amepiga magoti.

Godefroid aliyasikia hayo akayaita ujinga wa watu wenye njaa. Adhuhuri moja akaja na ngazi na nyundo. Akapanda, akang'oa misumari minne. Wa tano uligoma, na hapo ndipo alipogundua kwamba kambi nzima imenyamaza, kama vile watu wote wamehama akiwa amegeuza kichwa.

Chini yake mtu akakohoa.

Kiti cha Étienne kilikuwa uani. Juu yake paliketi helmeti na mabuti. Uso, kama ulikuwepo, ulimezwa na kivuli.

"Shuka, mudogo wangu."

Alishuka. Alitaka kumtukana dada yake, lakini magoti hayakumuuliza. Yalijikunja yenyewe, na viganja vikaanza kupiga makofi ya polepole, ya kusalimu mkubwa. Hapo akaelewa. Nyumba ya marehemu unaweza kuiezua. Nyumba ya kaka yako aliyeketi mbele yako, hapana. Na aliyemketisha ni yeye.

"Rudisha misumari. Kisha unipe nyundo yangu, ile uliiba siku ya ndoa yangu."

Godefroid aliitazama nyundo aliyoishika. Siri ile hakumwambia mtu hata mmoja. Alipanda, akagongelea misumari yote minne, akashuka, akaiweka nyundo miguuni pa kile kiti kwa mikono miwili.

"Yaya Étienne, kaka yangu," alinong'ona. "Ni weye?"

"Ni miye, Clotilde," alijibu, akakohoa tena. "Ni vumbi ya makala. Na nyundo, tuliitafuta siku ya ndoa; jina ya Étienne iko ku mupini."